Pampu Mbili Zilizotazamana

Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, Mzee Presha alifungua mlango wa kliniki ya meno ya binti yake kwa ufunguo aliouvaa shingoni, na kabla hajawasha taa pua ilimwambia kuna jambo. Chumba cha kusubiria siku zote kilinukia mafuta ya karafuu na sabuni ya sakafu. Leo harufu nyingine ilikuwa imekaa juu ya hizo, nyembamba, kama ya yai lililosahauliwa kabatini.

Akawasha taa. Benchi mbili za wagonjwa zilikuwa mahali pake, meza ya mapokezi mahali pake, bango la jino lililopasuliwa katikati mahali pake. Akalisogelea tangi la kioo lililowekwa juu ya kabati fupi baina ya zile benchi. Halikuwa tangi kubwa. Lita themanini za maji ya chumvi, mawe machache, samaki wawili wadogo wa milia, na katikati ya mawe tumbawe moja ambalo kliniki nzima ililiita Bibi.

Bibi hakuwa jiwe wala ua, ingawa mgeni angeweza kula kiapo kwamba ni kimojawapo. Alikuwa kiumbe hai mwenye vichwa kumi na vinne, kila kichwa kimekaa kwenye ncha ya tawi lake la jiwe, kila kimoja kikitoa minyiri minene ya kijani, kama vidole laini, iliyopepea majini. Binti alimpata akiwa kichwa kimoja tu, ukubwa wa kifundo cha kidole, mwaka ule alipomaliza chuo. Miaka tisa alikuwa amemlea. Wagonjwa waliokuja wakitetemeka kwa hofu ya koleo walikaa mbele yake, wakaitazama minyiri, na kutetemeka kukawaishia bila wao kujua.

Leo minyiri haikuonekana. Vichwa vilikuwa vimejikunja ndani ya mawe yao kama ngumi. Vitatu vya upande wa kushoto havikuwa hata ngumi. Vilifunikwa na ute wa kahawia, mzito kama uji ulioungua, na kipande kimoja cha ute huo kilikuwa kikining'inia na kutikiswa na mkondo, kikitafuta pa kwenda.

Ute ule Mzee hakujua ni nini, lakini alijua ni nani aliyeuleta.

Mambo yalianza hivi. Binti yake, daktari wa meno, alikuwa amekwenda mji mwingine kwenye mafunzo ya siku kumi ya upasuaji wa taya, akimwachia mwenzake wagonjwa. Kabla ya kuondoka alimkalisha baba yake mbele ya tangi, akamwonyesha kazi: kuwapa samaki chakula kidogo kila asubuhi, na kuongeza maji matamu kufidia yale yanayokauka. Basi. Kisha akabandika karatasi pembeni ya kioo, kwa herufi kubwa: USIGUSE PAMPU.

"Hii umemwandikia nani?" Mzee aliuliza.

"Wewe, baba."

"Mimi? Mwanangu, mimi nimepandisha maji ghorofa ya kumi na mbili, wahandisi wawili wamekaa chini wanakuna vichwa."

"Najua, baba. Ndiyo maana nimeandika."

Akamvalisha ufunguo shingoni kwa kamba, kama mtu anayevishwa nishani. Mzee alijifanya kuona ni jambo dogo, lakini njiani kwenda nyumbani aliupapasa mara nne. Tangu astaafu ufundi bomba watoto wake walimpa chakula, walimpa nguo, walimpa kiti kizuri cha kukaa. Hakuna aliyempa kitu cha kukilinda.

Siku mbili alivumilia. Ya tatu, Ijumaa, akashindwa. Tangi lilikuwa na pampu mbili ndogo, kila moja ukubwa wa limau, zimeshikizwa kwenye kioo kwa sumaku, moja kushoto, moja kulia, zikitazamana. Kila moja ilimtupia mwenzake maji usoni. Fundi yeyote angeona haya. Kitu cha kwanza alichofundishwa Mzee ujanani, na ambacho alikikuta tena kwenye kitabu aliposoma shule ya usiku akiwa na miaka arobaini, ni kwamba maji yakigombana hupoteza nguvu. Maji hupewa njia moja iliyonyooka, yaingie huku, yatokee kule. Kwa kanuni hiyo aliwatibu watu mabomba miaka thelathini na mitatu, na kwa hiyo akapata jina. Mtaa ukikosa presha, anaitwa Presha.

"Haya ni makosa ya msomi ambaye hajashika spana," alijisemea. Akazihamisha pampu zote mbili upande wa kushoto, zikasukuma kwa pamoja kuelekea kulia. Akaipangusa ile karatasi ya onyo, akainyoosha mahali pake.

Na siku ile tangi lilipendeza, tusimnyime haki yake. Vitakataka vilivyokuwa vikizungukazunguka mbele ya kioo vilitoweka. Minyiri ya Bibi ililala upande mmoja, yote sawasawa, kama majani ya mpunga kwenye upepo mkali. Mzee akakunja mikono kifuani, akajiona kijana.

Jumapili Bibi alifunguka nusu. Jumatatu robo. Jumanne nyama ya vichwa vya kushoto, vilivyokaa mbele ya midomo ya pampu, ilianza kuchanika kwenye kingo kali za jiwe lake. Mzee aliona, akasema anazoea. Jumatano akasema anapumzika. Na leo ndiyo Alhamisi, na binti alikuwa anarudi Jumamosi.

Mlango ukasukumwa. Aliyeingia ni mwanamke wa mapokezi, aliyeitwa Bi Foleni kwa sababu hata mkuu wa polisi mwenye jipu la jino alipangwa naye nyuma ya muuza karanga.

"Mzee, shikamoo. Kinanuka nini humu? Umekuja na kiporo?"

"Marahaba."

Bi Foleni akafuata macho yake, akaona, akaushusha mkoba wake sakafuni polepole kama uliojaa mayai.

"Jamani. Bibi." Akainama. Macho yake yakatoka kwenye ute, yakaenda kwenye pampu, yakarudi, yakaenda tena. "Mzee. Hizi pampu zilikaa hivi?"

Mzee akainyoosha ile karatasi ya onyo.

"Mzee Presha, nakuuliza."

"Zilikuwa zinagombana."

"Zilikuwa zinagombana! Na wewe ukaona uwe msuluhishi."

Mzee akaupapasa ufunguo. Kisha akasema, kama mtu anayeongea na ukuta, "Juzi umeme si ulikatika?"

"Dakika kumi."

"Dakika kumi, nusu saa, nani anahesabu."

Bi Foleni akamtazama. "Mimi nahesabu. Ndiyo kazi yangu hapa. Lakini sitasema kitu, Mzee. Mdomo ni wako."

Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili kasoro dakika kumi. Saa mbili kamili binti angeingia kwenye chumba cha mafunzo, simu zote zikusanywe kwenye sanduku mlangoni, na zisitoke mpaka saa kumi. Mzee alilijua hilo vizuri. Alijua pia kwamba akingoja dakika kumi tu atakuwa na sababu halali ya kutopiga, na mpaka saa kumi atakuwa ameisuka habari ya umeme ikasukika. Alilitazama lile pande la ute. Lilikuwa limegusa kichwa cha nne.

Akapiga.

"Baba, shikamoo. Kuna nini? Ndiyo naingia."

"Marahaba, mwanangu. Ni Bibi. Nafikiri chumvi imezidi, au kile chakula cha samaki kina—"

"Baba. Niambie unachokiona. Usiniambie unachofikiri."

Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyemwambia hivyo. Mzee alizoea kuingia nyumba ya watu akitaja ubovu kutoka mlangoni, kabla ya kuliona bomba lenyewe. Akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Naona ute wa kahawia. Vichwa vitatu, kushoto. Vingine vyote vimefunga. Naona nyama imechanika." Akahamisha macho. "Na naona pampu zote mbili ziko upande wa kushoto. Mimi ndiye niliyezihamisha. Ijumaa."

Alisikia viatu vya watu kwenye sakafu ngumu, na mtu akicheka mbali.

"Ijumaa," binti alisema.

"Ijumaa."

"Sikiliza. Nina dakika nne. Huo ute ukiungoja mpaka jioni utammaliza Bibi mzima. Kwanza zima pampu, maana mkondo ndio unaoubeba. Unyonye kwa bomba la sindano, lile kubwa, Bi Foleni analijua. Kisha mtoe, mweke kwenye beseni lenye maji ya tangi hilohilo, siyo ya bomba. Vichwa vyenye ute havitapona. Vikate. Kata chini, kwenye jiwe, usiiguse nyama ya vile vizima. Vaa glavu. Na pampu zisizimwe zaidi ya nusu saa, baba, samaki watakosa hewa. Tangi ni dogo."

"Nikate kwa kitu gani?"

"Sanduku lako la kazi liko wapi?"

Mzee akakohoa. Sanduku lilikuwa hapo hapo, nyuma ya mlango wa stoo. Alilileta siku ya kwanza, bila kuombwa.

"Lipo."

"Nilijua." Hakuweza kutambua kama ilikuwa sauti ya hasira au ya kitu kingine. "Ukimaliza, pampu zirudi kutazamana. Lakini zimeinamia wapi, hilo siwezi kukueleza kwa simu. Itabidi utazame. Utazame tu, mpaka—" Sauti ya mtu ikaita majina. "Baba, naingia."

Basi.

Saa mbili kasoro dakika mbili Mzee alichomoa waya za pampu. Mngurumo mdogo, ambao hakuna mtu aliyewahi kuusikia ulipokuwepo, sasa ulisikika kwa kutokuwepo kwake. Bi Foleni alikuwa ameshalisafisha beseni. "Nusu saa inaanza," alisema, akaishika saa yake ya mkononi kama refa.

Ute ulinyonywa kwanza, taratibu, sindano baada ya sindano, na kila sindano ilipomwagwa kwenye ndoo harufu ilipanda. Wakati huo mgonjwa wa kwanza aliingia, mwanamke aliyevimba shavu la kulia kama aliyeficha embe. Hakuweza kuongea. Akaelekeza kidole kwenye tangi na kupandisha nyusi.

"Ni operesheni, dada," Bi Foleni alimwambia. "Na yeye ni dharura. Kaa, utafuata."

Mwanamke akakaa.

Mzee alimtoa Bibi kwa mikono miwili na kumlaza kwenye beseni. Alikuwa mzito kuliko alivyomdhania. Akatia wembe mpya kwenye msumeno wake mdogo wa chuma, akausuuza, akaanza na kichwa cha nje. Tangu mwaka jana mkono wake wa kulia ulikuwa na mtetemo. Kikombe cha chai kilikuwa kikimsengenya mbele ya watu. Lakini mkono ule ulipokuwa na kazi nzito ulitulia. Jiwe lilisagika, unga mweupe ukatanda majini. Kichwa cha kwanza kikaanguka. Cha pili kilikuwa rahisi zaidi.

"Dakika kumi na moja," alisema Bi Foleni.

Cha tatu kilimkwamisha. Tawi lake lilikuwa limebanana na tawi jingine, lenye kichwa kilichojifunga lakini safi, bila doa. Katikati hapakuwa na nafasi ya kupitisha hata ukucha, sembuse msumeno. Angeweza kukata juu zaidi, palipo wazi. Lakini juu ndiko kulikokuwa na nyama iliyooza, na meno ya msumeno yangeipaka kila mahali.

"Nipe kile kioo chenye mkono," alisema. "Cha daktari."

Bi Foleni akampa kioo kidogo cha kutazamia meno. Mzee akakizamisha, akakipitisha nyuma ya matawi, pembe kwa pembe, kama anavyotafuta ufa kwenye bomba la ukutani. Akaona kitu ambacho kwa mbele hakikuonekana. Kile kichwa cha nne, alichodhani ute umekigusa tu, kilikuwa na mstari mwembamba wa kahawia kwa nyuma, ukipanda. Kilikuwa kinaumwa. Na yule jirani wa cha tatu, aliyekuwa njiani mwa msumeno, alikuwa mzima kabisa.

"Wanne wanaumwa," alisema. "Na mmoja mzima yuko njiani."

"Kwa hiyo?"

Jasho lilimshuka Mzee puani na likataka kudondokea beseni; Bi Foleni akalifuta kwa pamba bila kuomba ruhusa. Kwenye tangi samaki wawili walikuwa wamepanda juu. Midomo yao ilifunguka na kufunga kwenye uso wa maji. Mwanamke mwenye shavu akainuka, akagonga kioo kwa kidole, akaguna kwa nguvu.

"Nimewaona, mama."

"Dakika kumi na tisa, Mzee. Turudishe pampu kidogo wapumue?"

"Ute umebaki humo kwenye mawe. Ukizungushwa sasa, tumefanya kazi ya bure."

Alikuwa na mazoea, anapokosea, ya kuharakisha ili kosa lisipate muda wa kuonekana. Mkono ulitaka kuharakisha. Akauzuia. Akamtazama yule mzima, kijingumi cha kijani kisicho na hatia. Akauweka msumeno chini yake, chini kabisa, kwenye jiwe tupu, akakata. Kikatoka kizima bila kuguswa nyama, naye akakiweka peke yake kwenye kikombe cha maji ya tangi. Njia ikawa wazi. Cha tatu kikakatika, kikalia kama chaki inayovunjwa. Cha nne kikafuata.

"Ishirini na sita."

Akapitisha kioo tena pande zote. Tisa. Hakuna rangi ya kahawia. Akapitisha mara nyingine, maana macho ya kwanza ni ya kujifurahisha.

"Ishirini na nane, Mzee, samaki mmoja kalala ubavu!"

Wakanyonya haraka ute uliobaki kwenye mawe, wakamrudisha Bibi juu ya jiwe lake. Mzee akaibandua pampu ya pili na sumaku yake, akaihamishia kulia, akachomeka waya. Mngurumo ukarudi. Yule samaki alisukumwa, akapinduka, akabaki amelala. Watu watatu walisimama bila kupumua. Kisha mkia ukacheza, na samaki akashuka kuelekea mawe kwa mwendo wa mlevi anayetafuta mlango wa kwake.

Mwanamke mwenye shavu akapiga makofi. Kisha akashika shavu, akajuta.

Sasa ilibaki pampu. Kwenye kioo kulikuwa na duara mbili safi zilizoachwa na sumaku, kwa hiyo mahali pake palijulikana. Lakini midomo ielekee wapi? Zikitazamana sawasawa, mikondo yote miwili ilikwenda kumpiga Bibi ubavuni, na mwili ule ulikuwa umechanika tayari. Zikiangalia juu, huenda chini kusifike kitu. Mzee alikaa kwenye kigoda mbele ya kioo, na kwa mara ya kwanza akakiri kwamba maji aliyoyafanyia kazi miaka yote hakuwahi kuyaona. Aliyasikia, kwenye bomba, kwa sikio. Haya yalikuwa wazi mbele yake, na bado hakuyaona.

"Bi Foleni. Una uzi?"

"Uzi wa nini?"

"Wowote. Mwepesi."

"Mzee, hii ni kliniki ya meno. Nina uzi wa meno wa kuzungushia mtaa." Akavuta droo. "Wa mnanaa au usio na mnanaa?"

"Usio na kitu."

Akakata vipande vya urefu wa kidole, akavifunga kwenye vijiti vya plastiki, akavichomeka kati ya mawe: kimoja kila upande wa Bibi, kimoja mbele, kimoja juu. Na hapo maji yakaonekana. Uzi wa kushoto ulinyooka kama rula, ukitetemeka. Huo ndio upepo aliompigisha Bibi siku sita. Mzee aliutazama uzi ule.

Akaigeuza pampu ya kushoto juu kidogo, upana wa ukucha. Akangoja. Uzi ukalegea, lakini wa mbele ukanyooka. Akaigeuza ya kulia ielekee kioo cha mbele, maji yagonge kioo kwanza. Akangoja. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya iliyohitaji kungoja kiasi hicho. Wagonjwa waliingia na kutoka. Mgonjwa mmoja aliuliza kama tangi limeharibika. Bi Foleni akamjibu kwamba tangi ni zima, fundi ndiye anatengenezwa.

Karibu na saa tano yule mwanamke wa shavu alitoka kwa daktari, jino limeng'olewa, mdomo umekufa ganzi, pamba imejaa. Badala ya kwenda kwao alikuja kusimama nyuma ya Mzee. Akanyoosha kidole kwenye kona ya nyuma, kulia, na kusema kitu kama "Mfu."

Wiki iliyopita Mzee angemwambia akae chini. Sasa alitazama kona ile. Hapakuwa na uzi. Akachomeka mmoja. Ukaning'inia wima, mfu kweli. Na chini yake, nyuma ya jiwe, aliona rundo la tope la kijivu, mabaki ya chakula na uchafu. Vitakataka vile vilivyotoweka Ijumaa havikutoweka. Alikuwa amevifagia nyuma ya mlango.

Akavinyonya kwa mpira. Kisha akaishusha pampu ya kulia kidogo na kuielekeza kioo cha nyuma, ya kushoto akaiacha juu. Mikondo ikagonga vioo, ikarudi imevunjika, ikakutana katikati ikiwa haina hasira tena. Nyuzi zote tano zikaanza kucheza. Zilikwenda, zikasita, zikarudi. Zikaenda upande mwingine. Hata wa konani.

"Hee," alisema Mzee taratibu. Bomba lina mwanzo na mwisho, maji hutumwa. Huku hayakutumwa popote. Yalikwenda na kurudi, na kugombana kwake ndiko kulikoyafanya yamfikie kila mtu.

Saa kumi binti alipiga. Aliuliza maswali matano, akapata majibu matano ya kile kilichoonekana, akashukuru, akakata. Hakusema neno la ziada, na Mzee alilala na neno hilo ambalo halikusemwa.

Ijumaa Bibi hakufunguka. Harufu ilikwisha, ute haukurudi, lakini ngumi tisa zilibaki ngumi. Mara tatu Mzee aliinuka kigodani, na mara tatu sauti ilitoka mapokezi.

"Mzee, mikono mfukoni."

"Iko mfukoni."

"Yote miwili."

Hiyo ndiyo ilikuwa siku ndefu kuliko zote. Ungemwambia azibue mtaro wa mtaa mzima angeshukuru. Alitakiwa asifanye kitu. Jioni alifunga mlango, akatembea hatua ishirini, akarudi kuchungulia dirishani. Nyuzi zilikuwa zikicheza. Ngumi zilikuwa ngumi.

Jumamosi kabla ya adhuhuri binti aliingia na begi begani. Hakulitua. Alimwamkia baba yake, akampita Bi Foleni, akapiga magoti mbele ya tangi. Akahesabu. Mzee aliona midomo yake ikisogea mpaka tisa, kisha ikasimama. Katika hao tisa, wanne walikuwa wametoa minyiri, mifupi, ya rangi iliyofifia, ikienda na kusita na kurudi. Watano bado. Pembeni, juu ya jiwe dogo, yule mmoja aliyekatwa mzima alikuwa amekaa peke yake, nusu amefungua, kama mtoto aliyehamishiwa darasa jipya.

"Huyu hakuwa na ute," binti alisema.

"Hakuwa. Alikuwa njiani. Nilimkata ili nimfikie aliye nyuma yake."

"Nani alikwambia ufanye hivyo?"

"Hakuna. Nilitazama nikaona hakuna njia nyingine."

Mkono wa binti ukaenda kwenye pampu ya kushoto, vidole vikaishika. Mzee akatia mikono mfukoni. Binti aliutazama uzi wa kushoto, wa kulia, wa juu, wa konani. Akautazama muda mrefu. Kisha vidole vikaiachia pampu ilivyo.

"Huu ni uzi wa meno?"

"Usio na mnanaa."

Kona ya mdomo wake ilicheza, ikatulia. Akainuka, magoti yakalia. Macho yake yalikuwa mekundu, ya safari au ya kitu kingine.

"Miaka tisa, baba."

"Najua."

"Watano hao bado sijui."

"Na mimi sijui." Akaivua kamba shingoni na kuuweka ufunguo mezani, mwenyewe, kabla hajaombwa. Shingo ilihisi baridi.

Binti akauchukua. Hakuurudisha kwake, wala hakujifanya anafikiri. Akautia mfukoni. "Jumatatu tunabadilisha maji robo ya tangi," alisema. "Nitahitaji mtu wa kuzitazama hizo nyuzi nikimimina. Njoo saa moja na nusu. Bi Foleni atakufungulia."

Zamani Mzee Presha angevaa kofia yake na kuondoka, na mtaa ungesikia kwa wiki nzima jinsi mtoto alivyomfungia baba mlango. Neno lilimfika mpaka kwenye ulimi.

"Nitafika na robo," alisema.

"Na nusu, Mzee," Bi Foleni alisema bila kuinua kichwa. "Kabla ya hapo sifungulii mtu."

Kwa hiyo akaenda kukaa kwenye benchi, kati ya wagonjwa wawili, mikono mfukoni, akawatazama wale watano ambao bado walikuwa ngumi.